Mashine Yako Bado Inanguruma, Gerald

"Mama Lea, zima hiyo mashine walau leo. Mwaka mzima masikio yananivuma."

"Nizime niviue tena, Mama Kauthar?"

Ndivyo walivyoamka leo, kaka Gerald, mkeo Emiliana, Mama Lea, na jirani yako Johari, Mama Kauthar, kila mmoja upande wake wa ukuta. Mwaka umetimia tangu ututoke, na hapa Mandewa ugomvi ni uleule.

Wewe hukugombana. Ulimwambia, "Dada Johari, vijidudu vinavyogeuza asali kuwa siki vinapumua kama mimi na wewe. Mashine ikiacha kusukuma hewa kwenye tangi, vinakufa hujamaliza kikombe cha chai." Kisha ukampelekea chupa ya siki ya kachumbari, mdomoni umefunga kitambaa tu, ili navyo vivute hewa. Mtaa ukacheka: Gerald analea wadudu. Kweli, ulikuwa unaweka sikio kwenye tangi kusikiliza povu, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

Siku ya kukuzika, watu walisema si heshima mashine kunguruma msibani. Wifi Emiliana akaizima kwa mkono wake. Tuliporudi kutoka makaburini, tangi zima lilikuwa limekufa. Kazi yako yote, na ada ya watoto humo humo. Akakaa chini kwenye saruji. Hakulia, machozi yalishaisha.

Aliyeingia na ile chupa uliyompa ni huyo huyo Johari. Imebaki nusu, kitambaa chako bado kiko juu. "Hawa wadudu wa marehemu wanapumua bado. Jaribuni."

Tukaanza na ile chupa, ikaja ndoo, likaja pipa, mpaka tangi likatoa povu tena. Siki yako inauzwa hadi Mkiwa. Lakini mkeo amechoka, kaka, hatukufichi. Umeme ukikatika anaacha tonge mezani akimbilie jenereta. Akirudi, ugali umepoa.

Unakumbukwa na mkeo Emiliana, wanao Lea na Calist, mimi dada yako Severina, na mtaa uliokucheka. Hutatutoka moyoni.

Johari bado amesimama ukutani, amenuna. Emiliana amefuta mikono kwenye kanga, akamfungulia geti.

"Siizimi, jirani. Ila kuku kachinjwa na mumeo Anuari, ni halali, na mlenda upo. Ingia ndani tule."