Kaa la Moto la Kalunde

Mjukuu wangu Kalunde,

Huko Mtendeni mlikohamia, kaa chini usome polepole, maana nimekasirika na mwandiko wangu umekasirika nami. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za kisomo cha watu wazima, na mwalimu kasema wazee wote nimewapita.

Jana mwenyekiti wetu wa kijiji kasimama mkutanoni mbele ya wageni, kaninyooshea fimbo: "Mzee huyu alikuwa jiwe. Tukamnyima moto, akalainika." Watu wakapiga makofi. Makofi ya nini? Uongo mtupu!

Wewe unajua. Walipotuleta hapa Usoke tuishi pamoja, nilisema shamba la pamoja silikanyagi. Mimi, ambaye babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani na akarudi shingo yake haijainama, nipigiwe filimbi nikalime tumbaku? Wakubwa wa kijiji wakapitisha nisipewe moto, nisisalimiwe. Duka la kijiji likaninyima hata kibiriti. Vizuri! Nikatafuna viazi vibichi, na ningetafuna mpaka kiyama.

Ukaja wewe, na kaa la moto limefunikwa majivu kwenye kigae cha chungu.

"Shikamoo, babu."

Nikakufukuza. Ukapiga magoti jikoni kwangu, ukapuliza mpaka majivu yakakujaa nyusi. "Usiniitikie basi, babu. Lakini hayo meno yaliyobaki, kiazi kibichi kitayamaliza."

Kitoto kina mdomo! Nikageukia ukutani nicheke usinione. Kesho yake nikakaa mlangoni, eti nanoa jembe, na "marahaba" ikanitoka kabla hujafika.

Wakajua. Wakamtoza baba yako mbuzi, yule jike mwenye mimba, kwa sababu mtoto wake kanipa moto na salamu. Mpaka leo damu inanichemka. Watu wazima na ndevu zao, kuhukumu shikamoo ya mtoto! Ulilia umemkumbatia mbuzi shingo, na asubuhi ukaja tena na kigae chako.

Hapo ndipo nilipobeba jembe nikaenda shambani kwao. Nikawaambia, "Rudisheni mbuzi wa watu, nalima." Nikapiga matuta, vijana wakabaki nyuma wanahema. Mbuzi akarudi.

Sasa eti adhabu yao ndiyo iliyonilainisha! Mbona njaa iliponibana sikwenda? Shahidi ni wewe, nawe umepanda treni ukaniacha nabishana peke yangu. Basi barua hii nitaisoma mwenyewe mkutanoni kabla ya kuitia posta, wasikie wote: wao hawakunishinda. Kalunde ndiye aliyenishinda.

Kigae chako kiko jikoni, na moto haujazimika. Majirani wanachukulia hapa. Leo alfajiri kaja mwenyekiti mwenyewe, kibiriti kimeadimika dukani. Nimemkaripia mpaka jasho likamtoka. Kisha nikamchagulia kaa kubwa, nikalifunika majivu lisimuunguze njiani.

Msalimie baba yako, na likizo uje, la sivyo nakufuata huko kwa miguu.

Ni mimi babu yako wa mlango wa pili, ambaye hajashindwa na mtu mzima yeyote.