Kikohozi cha Nusu Fainali

Mshauri wetu wa redio wa saa saba mchana, shikamoo, nisaidie haraka tafadhali, maana nakuandikia kwa simu nikiwa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi na muda sina. Mimi ni fundi wa kukata vioo vya miwani, na pia ni nahodha wa timu ya chesi ya mtaa wetu, watu wanne meza nne, na leo ndiyo siku ya fainali za mkoa, asubuhi tumecheza nusu fainali tukashinda, saa tisa tunacheza fainali yenyewe, na mwenzio badala ya kufurahi nimejificha huku. Mchezaji wetu wa meza ya pili ni baba mkwe wangu, fundi makochi, ana miaka sabini na moja, timu aliianzisha yeye kwenye karakana yake katikati ya sponji na springi, na mimi mwenyewe alinifundisha chesi palepale wakati namchumbia binti yake, hadi leo sijui alikuwa ananipima akili au ananichelewesha tu nisitoke naye. Miaka kumi na tisa timu haijawahi kufika fainali, na nimejiapiza kwamba safari hii kombe tunalibeba.

Shida ni kwamba Mzee siku hizi anasahau saa. Kwa asiyejua, kila mchezaji ana muda wake, ukishasogeza kete unabonyeza saa ili muda wako usimame na wa mwenzako uanze kukatika, sasa Mzee anasogeza kete yake vizuri kabisa, anakunja mikono, anasubiri, kumbe muda unaokatika ni wake, na mpinzani amenyamaza zake kama haoni, na sisi wengine kanuni inatukataza kumsemesha anayecheza hata neno moja. Leo asubuhi ilikuwa hivyohivyo, mimi niko meza ya tatu pembeni yake, namwona mchezo ni wa kwake, malkia wa mwenzake ameshamla, dakika zinakwisha, nikakohoa. Haki ya Mungu cha kwanza kilikuwa kikohozi kweli, koo lilinikauka. Mzee akainua uso, akaiona saa, akabonyeza. Cha pili na cha tatu, alipoisahau tena, vilikuwa vya makusudi. Akashinda, na pointi yake ndiyo iliyotuvusha, tukawatoa timu ya mafundi umeme, ambao hata hawajaondoka, wako hapo nje wanangoja kutazama fainali.

Tulipotoka Mzee aliniambia, "Mwanangu, hicho kifua kakionyeshe hospitali," akaenda kukaa peke yake kwenye benchi, chai aliyopewa hakuigusa. Sasa majina ya wachezaji wa fainali yanatakiwa saa nane na nusu. Tuna mchezaji wa akiba, dada wa duka la dawa, yuko vizuri na saa hasahau. Nikimpanga yeye namvunjia Mzee heshima siku aliyoingoja miaka yote hiyo, na mke wangu ameshanitumia ujumbe, "Baba asipocheza, tafuta pa kulala." Nikimpanga Mzee, najijua, nitakohoa tena. Nifanye nini, mshauri, na kombe nalitaka?

Nahodha Mwenye Kifua

Marahaba, nahodha. Pole kwa jasho hilo, na sasa unisikilize vizuri, kwa sababu nitakugombeza kidogo. Umeiba. Kanuni unaijua, umenieleza kwa ufasaha kuliko mwamuzi, halafu ukaivunja mara mbili. Cha kwanza nakusamehe, koo ni koo. Lakini mafundi umeme wa watu wamekaa hapo nje wakiamini wametolewa kihalali, na wewe unawapita pale mlangoni.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi usivyomwona mkweo. Mtu anayeona hatua tano mbele kwenye ubao, unadhani alishindwa kuhesabu vikohozi vitatu? Alipokutuma hospitali alikuwa anakwambia amekusikia. Na chai haikushuka kwa sababu na yeye alibonyeza. Amekaa kwenye benchi lile akijua mambo mawili, kwamba kichwa kinaanza kumponyoka na kwamba ushindi wake si wake, wala hana wa kumwambia. Mkwe wake yuko ngazini anaandikia redio.

Halafu hii ni redio, ndugu yangu. Jina sijalitaja, lakini meza nne, miwani na makochi vimeshakutaja. Sasa ni saa saba na dakika ishirini na tano. Muwahi Mzee kabla mtu mwenye redio hajamwahi.

Kaa naye kwenye benchi, usianze na habari za hali ya hewa. Mwambie, "Baba, nimekosa. Nilikukoholea, na saa unaisahau." Atakasirika, mwache akasirike. Akimaliza, nendeni wote wawili kwa mwamuzi, nahodha wa mafundi umeme awepo, mseme kilichotokea. Wakipewa wao fainali, mtakaa mtazame, na kesho mtaanza mazoezi. Kombe unalitaka, sawa, hata mimi ningelitaka. Litake lile ambalo Mzee ataliweka karakanani na kumsimulia kila mteja alivyolipata.

Wakiwaruhusu kucheza, nani anakaa meza ya pili si shauri lako tena, wala la mkeo. Yeye mwambie baba yake ana mdomo wake. Muulize Mzee mwenyewe. Akisema dada wa duka la dawa acheze, mshukuru, usimbembeleze. Akisema anacheza, andika jina lake, kisha utazame kete zako mwenyewe mpaka mwisho. Muda wake ukiisha hapo pembeni yako, acha uishe. Atakuwa amepoteza mchezo wake kwa mkono wake, na hiyo ni haki yake kama ilivyokuwa haki yake kushinda.

Zima simu, inuka uende.