Bungua kwenye sahani

Jumamosi, Iyula.

Nimemtoa! Mweupe, mrefu kama kidole changu cha mwisho. Miezi yote hii nimemwandama mke mwenzangu Tabia, eti maji yake ya kufulia ndiyo yanaiua mibuni ya marehemu mume wetu. Kumbe ni bungua, funza anayetoboa shina!

Kesho mwanangu Elia alikuwa aing'oe yote apande mahindi. Yeye ana cheti cha kilimo, mimi sina hata darasa moja, lakini aliyeinama ni mimi. Chini ya shina nikaona unga wa mbao, juu yake tundu. Nikaingiza spoki ya baiskeli niliyoikunja ncha, nikazungusha, nikavuta. Na kwenye gome nikamkuta mzazi wake, yule mdudu mwenye pembe ndefu kuliko mwili. Nikamkanyaga.

Elia akakuna kichwa. "Mama, basi tuiache?"

"Rudisha jembe ndani."

Mibuni mitatu imeshaliwa ndani, hiyo sijidanganyi. Iliyobaki...

Nikambeba bungua kwenye sahani, na spoki yangu mkononi, hadi kwa Tabia. Kuomba radhi sijui mimi.

"Dada, ndiyo mboga hiyo?"

"Ndiyo maji yako ya kufulia."

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka kutafuta spoki yake, tukawatoe waliobaki.