Kenge Uliyeniachia, Kulwa

Kulwa,

Diwani yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza habari zake kabla hujaniuliza kama nimekula. Amerefuka, na yale madoa ya njano mgongoni bado yanang'aa. Lakini nusura tumpoteze, na kwa muda mrefu niliamini kuna mtu humu ndani anamuua taratibu. Niliamini hata makubwa kuliko hayo. Acha nikusimulie.

Tulipomaliza kukuzika, wazee walisema nibaki hapa Kawajense nimwangalie Nyamizi, maana mtoto mdogo vile hawezi kuachwa na baba anayeshinda barabarani na bodaboda. Nikabaki. Kuhusu huyu kenge wako Diwani hukuacha maagizo. Nani anaacha maagizo, homa ikimchukua kwa haraka namna ile? Nilimkuta kwenye lile kabati la vyombo uliloziba milango kwa wavu, amejikunja kwenye kona. Aliponiona akanifokea kwa ile sauti yake ya tairi linalotoa upepo.

Unakumbuka siku tulipompata? Tulikuwa Litapunga kwa baba, vijana wanavunja kichuguu wapate udongo wa matofali, jembe likafunua mayai meupe na baadhi yameshaanza kupasuka. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema wauawe, kenge ni mwizi wa mayai na vifaranga, kila mtu anajua. Wewe ulivua kanga ukamfunika huyu mmoja. "Huyu hajaiba kitu bado," ukasema. Mimi nilicheka njia nzima kurudi mjini.

Basi nikajifunza kwa kukumbuka ulivyokuwa ukifanya. Asubuhi namtoa nje juani, maana bila jua tumbo halisagi alichokula. Beseni la maji aogelee. Panzi, mende, vipande vidogo vya samaki. Kunawa kwa sabuni kila nikimgusa, na Nyamizi haruhusiwi kumbusu hata akilia. Siku za mwanzo hakula mkononi mwangu. Nilidhani sura yetu ya mapacha itamdanganya, kwa sababu imewadanganya wengi. Yule mama wa nyanya pale sokoni aliponiona aliangusha kopo lake, akakaa chini. Diwani alitoa ulimi, akaninusa, akarudi nyuma. Alijua mara moja kwamba mimi si wewe.

Kisha maneno yakaanza. Jirani yako wa upande wa choo, yule mama Zawadi, alinisogelea kisimani akasema kwa upole sana, "Mdogo wangu, tangu lile dude liingie kwenye nyumba, mwenye nyumba kaondoka. Wewe huoni?" Nilimwambia dada yangu aliondoka kwa homa. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Nilirudi nikamwangalia Diwani, naye akaniangalia kwa jicho lile lisilosema kitu. Nikajiuliza nalala nyumba moja na kitu gani.

Halafu akaanza kuugua. Chakula ninachompa asubuhi nakikuta jioni amekitapika, kinanuka. Ngozi ikapoa, mbavu zikaonekana, tumbo likavimba. Hapo ndipo nilipoanza kuona vitu. Mimi nafunga mlango wa kabati kwa waya kwa kuuzungusha kulia, nikirudi sokoni naukuta umezungushwa kushoto. Beseni limesogezwa. Siku moja kwenye wavu kulikuwa na kitu cha njano kimekauka, na mimi sikuwa nimempa kitu chochote cha njano.

Ndani ya nyumba watu wazima ni wawili tu, mimi na shemeji Maganga.

Kulwa, nisikilize vizuri. Mumeo tangu msiba hakuwa ananiangalia usoni. Nikiingia sebuleni anatoka. Nikimwekea chakula anakibeba akalie nje, ananipa mgongo. Nikimsalimia anaitikia huku anaangalia ukuta. Na mama Zawadi alishaniambia kwamba pikipiki yake inaonekana hapa mchana, saa ambayo mimi nipo sokoni na Nyamizi. Mimi hakuwahi kuniambia kwamba anarudi mchana. Nikajiambia, mtu anayekwepa macho ya ndugu wa marehemu ana jambo. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukisema hampendi Diwani, kwamba alikuambia uchague kenge au yeye, na wewe ukamjibu kwamba kenge hakoromi.

Shaka haina breki. Ilianzia kwenye kabati, ikafika kitandani kwako. Nilianza kujiuliza nani alikupikia ule uji wa mwisho. Kwa nini hakutuita mapema. Nilikuwa nalala na Nyamizi mlango umefungwa kwa ndani, na chakula alicholeta yeye nilikuwa nakionja kwanza mimi kabla ya mtoto. Sikumwambia baba. Nilitaka nimkamate mwenyewe.

Basi siku moja nikaaga kwa sauti kwamba naenda sokoni. Nilimwacha Nyamizi kwa mama Zawadi, nikazunguka nyuma ya choo, nikasimama kwenye mahindi. Pikipiki haikukawia. Alifungua kabati akaruka nyuma, maana bado anamwogopa yule mdudu. Akamtoa kwa kumshika na ile kanga yako ya zambarau, akakaa naye juani kwenye ngazi. Akatoa mfukoni yai la kuchemsha, akaanza kumega kiini kidogo kidogo na kumsogezea mdomoni. Alikuwa anaongea. Nilisikia akisema, "Kula bwana, mwenyewe akija kuuliza nitamwambia nini?"

Nilitoka kwenye mahindi. Nikauliza tu, "Shemeji, unampa nini?"

Alishtuka mpaka yai likaanguka. Akasema anampa yai kila siku mchana, kwa sababu aliona mimi simlishi, kabati analikuta halina chakula. Nikamwambia mimi namlisha kila asubuhi anashiba. Tukatazamana. Yaani hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza, kisha akayashusha haraka. Kenge wa watu alikuwa analishwa na watu wawili wanaofichana, tena wiki zile za mvua ambazo jua la kumsaidia kusaga lilikuwa nadra. Chakula kilikuwa kinamwozea tumboni.

Nikamuuliza na lile jingine. Kwa nini ananikimbia.

Aliokota lile yai, akalipangusa mchanga. Kisha akasema, "Doto, nikikuangalia namwona yeye. Halafu unaongea, sauti siyo yake, namzika upya. Kila siku. Sasa nifanyeje?"

Nililia palepale kwenye ngazi, na yeye alilia amenigeuzia mgongo, na Diwani akakojolea kanga yako.

Tulimsimamishia chakula mpaka tumbo likashuka. Siku zisizo na jua tulimwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitenge, akawa anaikumbatia kama mtoto. Sasa namlisha mimi peke yangu, si kila siku, na shemeji kazi yake ni kubadilisha maji. Anaogelea, anapiga mkia, amerudi kuwa na jeuri.

Sitakudanganya kwamba shaka yote imeisha. Baba mdogo alikuja kutoka Litapunga na maneno ya kuzungukazunguka. Alisema nyumba imeshanizoea, mtoto ameshanizoea, sura ni ile ile, kwa nini nisikalie nafasi ya dada yangu. Nilimtazama shemeji kwa jicho kali, nikidhani wamepanga wote. Akainuka akasema, "Baba, mke wangu hakuwa sura." Akatoka nje. Hata hivyo mama Zawadi bado anahesabu usiku taa zinazowaka humu ndani, aone kama tunalala vyumba viwili, na mimi bado naangalia waya umezungushwa upande gani. Mazoea mabaya hayaondoki mara moja.

Diwani hatakaa hapa milele. Mnyama pori haruhusiwi kufugwa hivi hivi, na vifaranga vya jirani vinazidi kumvutia. Mvua zikikata, shemeji atatupakia wote watatu, tumpeleke mtoni kwenye matete, mbali na mabanda ya kuku. Nyamizi ameshaanza kununa.

Kulwa, mtoto wako ananiita mama akiwa na usingizi. Sijui kama unasikia. Nakuahidi kila atakaponiita hivyo nitamwambia, mimi ni mama mdogo, mama ni Kulwa, kisha nimsimulie kitu kimoja chako mpaka alale. Nina vingi. Nimeishi na wewe tangu tumboni.

Pumzika, ndugu yangu. Huku tunaangaliana usoni sasa.

Mdogo wako,
Doto