Mtufaha Umepata wa Kuutetea

Kijiji cha Gorni Yavor,
Bulgaria.
27 Machi.

Mpendwa mwanangu Dafinka,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi shangazi yako, na kabla ya yote nipe hali. Hujambo? Iliya mumeo na mgongo wake wanapatanaje siku hizi? Mtoto ameshaota meno ya mbele? Huku sisi ni wazima, ila magoti yangu unayajua, yanatangaza mvua kabla ya redio.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kila nikishika simu baba yako yuko hapo hapo anatega sikio, huku akijifanya anatafuta miwani. Barua hii ataileta Pencho wa gari la vifurushi, pamoja na majani makavu ya kutilia maharage na soksi za mtoto. Uzi wako wa Machi mosi, mwekundu na mweupe, nimeufungia kwenye soksi. Najua umechelewa, lakini uvae hata siku moja. Sisi korongo wa kwanza tumeshamwona, kwa hiyo wa kwangu nimeshauvua nikautundika mtini kama desturi.

Sasa tuje kwenye lile uliloniagiza. Uliniomba nimlainishe baba yako akubali kuhamia kwenu Uhispania baada ya Pasaka, nyumba ifungwe. Nimechelewa kukujibu, maana kusema kweli niliona una haki. Tangu tumzike mama yako Donka mwezi wa Novemba, kaka yangu hajatia mguu bustanini. Mashina ya pilipili hoho ya mwaka jana yalibaki yamesimama makavu vile vile. Februari wanaume wote walipokwenda kupogoa mizabibu na chupa zao za mvinyo wa kuimwagia, yeye alikaa jikoni, pazia limefungwa mchana kweupe. Nikamuuliza, "Kaka Kancho, unamficha nani humu?" Akaniambia, "Vile vitunguu saumu vimetoka."

Ni vile alivyovipanda mama yako siku za mwisho alipokuwa bado anaweza kuinama. Vimechipua vyote, mwanangu, na mistari imenyooka kama alivyopenda. Baba yako hakuweza kuvitazama. Nikamuoshea vyombo nikaenda zangu.

Majirani nao walijitahidi, kila mtu kwa namna yake. Gina akamwita kutoka kwake, "Wee Kancho, magugu yako yanaruka ua, yanakuja kwangu kuomba chumvi!" Mwaka jana angemjibu mpaka Gina akimbilie ndani. Safari hii alisema tu, "Wape," akafunga dirisha.

Basi juzi, sikukuu ya Blagovets, ya malaika kumpasha Maria habari, jua lilitoka zuri nami nikaanika zulia uani kwangu. Ghafla namwona baba yako, kwake ng'ambo ya uzio, anatoka ghalani na shoka. Huyo, moja kwa moja kwenye ule mtufaha ambao mama yako alikuja nao kutoka kwao akiwa bi harusi, huu ambao miaka hii umegoma kuzaa. Nikasema, ameshakata shauri, anaukata, kisha atafunga nyumba aende zake. Nikakimbia na ndara zangu za ndani, moja ikabaki kwenye tope.

Nilipofika kwenye uzio nikamsikia anauambia mti, "Mwaka huu usipozaa, nakukata!"

Shoka liko juu. Akarudia, sasa kwa sauti ya chini, "Nakukata, nasema."

Ndipo nikaelewa. Unakumbuka kwetu inavyofanywa siku ya kwanza ya kuingia bustanini: mti usiozaa, mmoja anautishia kwa shoka, mwingine anautetea, na mti ukisikia unaona haya unazaa. Maisha yao yote baba yako alitisha, mama yako akatetea. Juzi alikuwa ameshatisha, anangoja. Shoka hewani, na hakuna wa kumjibu. Dafinka, sijapata kuona mtu mpweke kama yule.

Nikapaza sauti huko huko nyuma ya uzio, "Usiukate, bwana wee! Utazaa!"

Hakugeuka. Akauliza, "Utazaa kiasi gani?"

"Vikapu viwili!"

"Muongo mkubwa. Donka hakuwahi kuahidi zaidi ya kimoja."

"Haya, kimoja. Na hicho kimoja nitakuvika kichwani."

Akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani, akaketi chini ya mti akalia kama mtoto. Nilimwacha alie. Nami nikarudi kuitafuta ndara yangu, huku kamasi zinanitoka. Baadaye nikasikia vyuma vinagongana ghalani, akatoka na jembe. Kufika jioni alikuwa ameng'oa mashina yote na kuyachoma, na moshi wote akampelekea Gina. Gina alitukana kwa furaha, hujawahi kusikia. Vitunguu saumu alivipalilia kwa vidole, na nilipotaka kumsaidia akaniambia nisiguse.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usimhamishe, mwanangu. Najua hulali. Najua kila simu ikilia asubuhi roho inakuruka, na unajilaumu kwamba mama alikwenda ukiwa mbali. Huku hakuna anayekulaumu, na yeye mama yako alikuwa akijisifu juu yako mpaka anatuchosha. Lakini ukimng'oa huyu mzee sasa, huko ghorofani atafunga pazia lingine tu. Mchukue wakati wa baridi, ardhi ikiwa imelala, amwone mjukuu wake, kisha mrudishe.

Jana alikuja kuniomba mbegu za nyanya. Akasimama mlangoni anaizungusha kofia yake mkononi. Akasema, "Stoyna, juzi hukufanya vibaya. Ila sauti si yenyewe." Nikamuuliza, hiyo yenyewe tutaitoa wapi sasa? Akasema, "Dafinka ana sauti ya mama yake. Sijui kama bado anayakumbuka yale maneno."

Jibu la hilo si langu. Unayakumbuka? Basi ile tiketi uliyotaka kumkatia yeye, jikatie wewe. Machi ijayo atalinyanyua shoka tena, na mimi nitanyamaza.

Msalimie Iliya, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Gina anakusalimu, na shemeji yako Velka pia. Mungu awafunike huko mliko, na mama yako huko aliko.

Ni mimi nikupendaye, hata nikikugombeza,

Shangazi yako,
Stoyna.