Mikaratusi ya babu yako

Kambale mujukuu wangu,

Mukaka yako, bibi yako muzaa baba, anakusalimia toka Kimemi. Tuko muzima, na dada yako amezaa binti.

Unaniuliza kama turbine ya umeme yenye munajenga huko Mangina itadumu. Wakati ya vita mazutu, mafuta ya jenereta, ilikosekana, babu yako akatengeneza turbine mu mutoni, maji ikawasha taa ya maternité, kwenye wanawake wanazalia. Lakini kila kiangazi taa ilififia. Tulifungua machine, tukaipaka mafuta, tukaitukana. Siku moja babu akapanda mupaka kwenye chemchem ya ule mutoni, akaona mikaratusi yenye tulipanda kwa kupata mbao ya nyumba. Akaniambia: "Mama, hii miti yetu inakunywa taa." Akaikata yote, akang'oa na mizizi.

Maji ilirudi polepole. Nyumba yetu iko ya udongo mupaka leo. Binti ya dada yako amezaliwa chini ya ile taa.