Walezi Wetu Tuliwaketisha Mezani

Ngao, Jumamosi, Agosti 1998

Leo kumepambazuka na wingu, kisha jua likatoka kali la kuchoma utosi. Kambi imefungwa. Watoto wamekwenda kwao na vifurushi vyao, nami nimebaki nafagia madarasa tuliyoazima, ambayo hata hayana uchafu mwingi. Nafagia tu nisikae bure.

Nina upweke. Nauandika hivyo hivyo, bila kuupamba.

Kila likizo ya Agosti kanisa letu huwaweka watoto kambini wiki nzima, na vijana waliomaliza shule ndio walezi wao: kuwaimbisha, kuwaogesha, kuwabembeleza wanaomlilia mama. Tatizo ni kwamba mlezi akishaizoea kazi, haonekani tena. Atakwenda Malindi kutafuta kazi hotelini, au atakaa nyumbani aseme ana shughuli. Mwaka huu, kati ya walezi wa zamani, tulibaki wawili, mimi na Mabuke, msichana wa kijiji cha Idsowe. Mchungaji kasema wazi: vijana hawa wasiporudi, mwakani hakuna kambi.

Na mwaka huu ndio nimepewa ukubwa wa kambi. Jamani, nilivyofurahi! Mabuke akanicheka. "Haya, mama mkubwa, usije ukatuchapa na sisi."

Kamati ikakaa: tuwafanyie nini vijana wasituhame? Mzee mmoja akasema tuwape heshima. Zamani walezi tulikuwa tukila nje karibu na jiko, sinia moja la wali na kambare, mikono inagongana, nani kachukua kichwa cha samaki, kelele mpaka wapishi wanatufukuza. Basi kamati ikaamua walezi wasile tena chini kama watoto. Waketi mezani na mchungaji na wazee, kila mtu na sahani yake na kijiko chake. Nami nikaunga mkono, tena kwa makofi.

Aka! Nani kwetu anacheka mbele ya wazee na tonge mdomoni? Pale mezani vilisikika vijiko tu. Mtu akiulizwa jambo, "Ndiyo, mzee." Akimaliza anashukuru, anaondoka macho chini. Mabuke, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, alikula nusu sahani akasema ameshiba. Wazee walifurahi sana. Walisema vijana wa mwaka huu wana adabu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliwachukua wenyeji tukawafanya wageni wiki nzima, na mgeni mwisho wake ni kuaga.

Asubuhi, tulipokuwa tukiagana, nilimwuliza Mabuke kama tutakuwa pamoja mwakani. Akaangalia mtoni. Akasema, "Mungu akipenda, dada."

Dada!

Mimi na Mabuke tumelala mkeka mmoja kambini tangu tuanze kazi hii. Ananiita we Rehema, ananiita chizi, jina lolote limjialo mdomoni. Dada hajawahi. Na hiyo "Mungu akipenda" sote huku tunaijua, ni hapana yenye adabu. Nilimpa mkono, akaupokea kwa mikono miwili kama anavyompokea mchungaji. Nikamwacha aende. Nilitaka kulia nikaona haya, maana wazee walikuwa wanatazama.

Mchungaji anataka nimwambie nani atarudi. Sina hata mmoja wa kumtaja. Nitamwambia kuhusu ile meza, akasirike akitaka. Lakini nikisema kweli, leo si kambi inayoniuma. Kambi ikifa nitasikitika, kisha nitazoea.

Kumkosa Mabuke sitazoea.

Kesho baada ya ibada nakwenda Idsowe kwa miguu. Habari za mwakani sitazigusa. Nakwenda kwa sababu nina hamu naye, na nikipiga hodi pale kwao, nataka atoke nje anitukane.